AFYA YA JAMAA: Mkojo Husema Kabla ya Macho

Wazee wetu husema: dalili ya mvua ni mawingu. Mtu mwenye akili aonapo mawingu meusi juu ya mlima, hangoji tone la kwanza limwangukie kichwani; aanua mihogo yake na kuwaita watoto warudi nyumbani. Basi, magonjwa nayo yana mawingu yake. Leo, ndugu wasomaji, twataka kusema juu ya ugonjwa mmoja ambao mawingu yake yajulikana na watu wachache, ijapokuwa mvua yake hunyesha katika kila mtaa na kila kijiji. Ni homa ya ini iletwayo na virusi, ambayo waganga wa hospitali huiita hepatiti.

Tumtazame mwanafunzi mmoja wa sekondari. Jina lake hatulitaji, kwa maana yumo katika kila shule. Siku ya Jumatatu arudi nyumbani amechoka kama mtu aliyelima shamba zima. Mama ampakulia ugali na sombe kwa mawese, chakula akipendacho kupita vyote. Lakini harufu yenyewe yamchefua. Usiku apata homa kidogo. Baba asema: «Ni malaria tu», naye anunua vidonge sokoni pasipo kumpeleka mtoto kupimwa damu. Siku ya Alhamisi kijana aona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai iliyokaa mno motoni. Aona haya kusema. Siku ya Jumapili, watu watokapo kanisani, jirani mmoja amtazama usoni penye jua na kupaza sauti: «Mama wee! Macho ya mtoto huyu yamekuwa manjano!»

Hapo ndipo nyumba nzima yashtuka. Lakini mawingu yalikuwapo tangu Jumatatu. Jumapili ilikuwa mvua yenyewe.

Kwa nini mkojo hutangulia?

Ini lakaa upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima uzito wake ni karibu kilo moja na nusu. Si bure Waswahili husema juu ya neno liumizalo sana kwamba «lakata maini». Ini ndilo lisafishalo damu, ndilo liwekalo akiba ya sukari ya mwili, ndilo litengenezalo vitu viifanyavyo damu igande tunapojikata, tena ndilo litengenezalo nyongo.

Yafaa tuielewe vema kazi hii ya nyongo, kwa sababu dalili zote zatoka humo. Kila siku chembe nyekundu za damu zilizozeeka hufa, nazo huacha takataka ya rangi ya manjano. Ini huichukua takataka hiyo, huichanganya na nyongo, na kuimwaga matumboni. Ndiyo maana choo cha mtu mzima wa afya kina rangi ya kahawia. Sasa virusi vikiingia katika ini, nalo likavimba, takataka ile hukosa njia yake. Hairudi matumboni, bali hurudi katika damu. Mafigo huiona na kuanza kuitoa kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo mkojo wawa mweusi. Choo nacho, kwa kukosa nyongo, chawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Mafigo yakishindwa kuitoa yote, rangi ile huenea mwilini, na mahali pa kwanza ionekanapo ni katika weupe wa macho.

Huo ndio utaratibu wake: mkojo kwanza, macho baadaye. Mara nyingi mkojo hugeuka siku chache kabla ya macho. Mzazi ajuaye jambo hili amepata siku hizo bure. Na siku hizo, kama tutakavyoona, zaweza kuwaokoa wengine nyumbani.

Dalili moja baada ya nyingine

Mwanzoni mgonjwa aona uchovu mwingi pasipo kazi. Aweza kupata homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, kama mtu mwenye malaria au mafua. Hamu ya chakula yamwisha, hasa chakula chenye mafuta. Mvutaji wa tumbako aweza kuichukia ghafula tumbako yake. Achefuka, atapika, na asikia uzito au maumivu chini ya mbavu za kuume. Wengine mwili huwawasha pasipo upele.

Kisha mkojo waanza kugeuka. Msidanganyike hapa: mtu aliyetoka kulima juani naye ana mkojo mzito, kwa sababu ya kukosa maji. Basi anywe maji ya kutosha na kutazama tena. Kama amekunywa vema na mkojo wabaki mweusi, tena povu lake ni la manjano na nguo nyeupe ikiguswa nao yashika rangi, hiyo si kiu. Ni ini linaloita.

Mwisho yaja macho. Yatazameni kwa nuru ya mchana, karibu na dirisha au nje, wala si kwa taa ya usiku, maana taa yaweza kuficha manjano au kuyazidisha. Vuteni kidogo kope la chini na kumwambia mgonjwa atazame juu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, ngozi ya uso haisemi upesi. Yasema weupe wa macho, na sehemu ya chini ya ulimi.

Tena kuna manjano ya bure. Wazee wengi, na watu wafanyao kazi juani na vumbini, wana madoa ya kahawia katika weupe wa macho, nayo yamekaa humo miaka mingi: huo si ugonjwa wa ini. Mtoto alaye karoti, paipai na mawese kwa wingi aweza kupata viganja vya rangi ya manjano, lakini macho yake yabaki meupe: huyo naye si mgonjwa. Manjano ya ini ni mapya, yameenea sawasawa katika weupe wote wa jicho, na mkojo hushuhudia pamoja nayo.

Si kila manjano ni homa ya ini

Hapa twapenda kumwonya msomaji mwepesi wa kuhukumu. Macho ya manjano ni dalili. Jina la ugonjwa hutolewa na maabara. Malaria kali huweza kuvunja chembe za damu na kuyafanya macho kuwa manjano. Watoto wenye ugonjwa wa SS huwa na macho ya manjano mara kwa mara, kwa sababu chembe zao hufa mapema. Mawe katika mfuko wa nyongo huziba njia na kuleta manjano pamoja na maumivu makali. Mtoto mchanga huweza kuwa na manjano siku ya pili au ya tatu, nayo huisha yenyewe mara nyingi. Lakini akiwa wa manjano siku ile ile aliyozaliwa, au akikataa kunyonya na kulegea, apelekwe hospitali bila kungoja hata saa moja.

Iko tena homa ya manjano, iletwayo na mbu, ambayo twaikumbuka vema. Ilizuka Luanda mwezi wa Desemba 2015, ikavuka mpaka na kuingia Kongo. Na mwezi wa Agosti 2016 mamilioni ya watu wa Kinshasa walichanjwa kwa sehemu moja ya tano ya kipimo cha kawaida, kwa maana chanjo haikutosha dunia. Homa hiyo huanza kwa ghafula, huonekana kupungua, kisha kwa wengine hurudi pamoja na manjano na kutokwa damu. Serikali hutaka kila mtu mwenye homa na macho ya manjano atangazwe katika kituo cha afya. Waganga walipopima tena damu za Wakongo wengi waliodhaniwa kuwa na homa ya manjano, waliona kwamba si wachache waliokuwa na virusi vya ini. Basi, kwa macho peke yake hata mganga hawezi kujua. Sembuse jirani aliye nje ya kanisa.

Virusi vitano, njia mbili

Virusi viletavyo homa ya ini vyajulikana kwa herufi tano: A, B, C, D na E. Mwanafunzi asihangaike kuzikariri. Yatosha ajue kwamba zina njia mbili tu za kuingia mwilini.

Njia ya kwanza ni kinywa. Virusi A na E hutoka katika choo cha mgonjwa, huingia katika maji au chakula au mikononi, na kumezwa na mwingine. A huchukua kwa kawaida wiki mbili hata nne kabla ya kuonyesha dalili. E wiki mbili hata kumi. Katika nchi ambamo maji safi ni haba, watoto karibu wote hupata virusi A kabla ya kufika miaka kumi, na walio chini ya miaka sita mara nyingi hawaonyeshi dalili yo yote. Kwa hiyo mdogo achezaye vizuri uani aweza kuwa ndiye aliyemwambukiza kaka yake aliye sekondari. Virusi A havibaki mwilini: mgonjwa hupona, na hukingwa navyo maisha yake yote.

Angalieni jambo hili: mwenye virusi A huambukiza zaidi katika wiki moja au mbili kabla ya macho kugeuka. Yule kijana wetu, aliyeficha mkojo wake kwa haya, alikuwa akitumia choo kimoja na wenzake wote na kuchota maji kwa kikombe kimoja. Kama angesema siku ya Alhamisi, mama angetenga kikombe, angeweka maji na sabuni mlangoni pa choo, na kuwachunga wadogo zake.

Virusi E vyafanana na A kwa njia yake, lakini vina ukali wa pekee juu ya mama wajawazito. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, akina mama 20 au hata 25 kati ya 100 walioshikwa huweza kufa. Mwaka 2007 virusi hivi vilizuka katika wilaya ya Kitgum, Uganda ya Kaskazini, ambako watu wengi waliofukuzwa na vita walikaa kambini. Hata kufikia katikati ya mwaka 2009, watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameugua na 160 walikuwa wamekufa. Sisi tulio na ndugu katika kambi za wakimbizi hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Panapokuwa na watu wengi, vyoo vichache na maji ya kuokoteza, hapo virusi E hupata nyumba.

Njia ya pili ni damu. Virusi B, C na D hupita kwa damu, na B hupita tena kwa maji mengine ya mwili, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. D haviwezi kuishi peke yake. Huja tu juu ya mtu mwenye B na kumzidishia ugonjwa. Tuzitazame desturi zetu: wembe mmoja wa kukata chale watu wote wa nyumba, pembe ya kuumika damu isiyochemshwa, sindano ya mtu wa mtaani achomaye kwa bei nafuu na kuitumia tena, mashine ya kinyozi iliyomkwaruza mtu wa kwanza na wa pili, mswaki wa kuazimana. Virusi B huweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi. Wembe ulioonekana mkavu na safi siku ya Jumatatu waweza kumwambukiza mtu siku ya Jumamosi.

Lakini sahani ya pamoja, mkono wa salamu, kukumbatiana, na ziwa la mama havileti virusi B wala C. Msimtenge mwenye B na meza ya jamaa. Ugonjwa wamtosha, asiongezewe upweke.

Ugonjwa usio na mawingu

Mpaka hapa tumesema juu ya dalili. Sasa yatupasa kusema jambo gumu kuliko yote: virusi B na C, ambavyo huua watu wengi zaidi, mara nyingi havitoi dalili hata moja kwa muda wa miaka ishirini au thelathini.

Mtu mzima akishikwa na B, mwili wake hushinda mara nyingi. Chini ya 5 kati ya 100 hubaki navyo. Lakini mtoto mchanga hana nguvu hizo: kati ya wachanga 100 walioshikwa, karibu 95 hubaki navyo. Hukua, husoma, huoa au huolewa, hulima, hucheza mpira, na virusi vimelala katika ini vikilila kidogo kidogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, tuitwalo hapa kwetu OMS, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa na virusi B mwilini, na milioni 50 walikuwa na C. Mwaka huo homa za ini za virusi ziliua watu milioni 1.3. Tena kati ya kila watu 100 wenye B, ni 13 tu waliojua.

Sasa tusikilize habari inayojulikana sana katika Kivu na kwingineko. Mwanamume mwenye miaka arobaini, mwenye nguvu, mwenye duka au shamba zuri, aanza kukonda. Mikono na miguu yawa myembamba, lakini tumbo lavimba na kujaa maji. Siku moja atapika damu. Miezi michache baadaye amekufa. Watu wasemaje msibani? «Amelishwa sumu. Ni karuho.» Hapo waanza kumtafuta aliyemlisha. Alikunywa wapi mara ya mwisho? Nani alimwonea wivu? Mara nyingi macho ya watu humwangukia mjane mzee aishiye peke yake, au mke wa pili wa baba, au jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Nyumba yachomwa. Watoto wa pande mbili hawasalimiani tena hata kizazi cha tatu.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba hakuna mtu duniani aliyemtilia mwenzake sumu. Twasema hivi: tumbo lililojaa maji, mwili uliokonda na damu itapikwayo ni dalili za ini lililokauka na kuwa kovu, au la kansa ya ini, na virusi B ni sababu kubwa ya mambo hayo katika Afrika yetu. Mara nyingi sumu ile iliingia siku ya kuzaliwa kwake, miaka arobaini iliyopita, wala hakuna mtu aliyeitia. Mama yake naye hana kosa, kwa maana hakujua. Amri ya nane yatukataza kumsingizia jirani. Basi kabla ya kutaja jina la mtu msibani, tuulize kwanza: je, marehemu alipimwa damu?

Virusi hivi si siri tena. Mganga wa Marekani Baruch Blumberg na wenzake walitangaza mwaka 1965 alama katika damu ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya virusi B. Naye alipewa tuzo la Nobel mwaka 1976. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo siku ya homa ya ini duniani pote. Virusi C vilijulikana mwaka 1989. Siku hizi kipimo cha B hutaka tone la damu ya kidole na dakika chache.

Nani apimwe? Kila mama mjamzito. Kila mtu aliye na ndugu wa tumbo moja, mzazi, au mwenzi wa ndoa mwenye B. Kila aliyetiwa damu au kuchomwa sindano mahali pasipoaminika. Wachumba kabla ya ndoa, kama wapimwavyo kwa SS na kwa SIDA. Tena jamaa yo yote ambamo watu wawili wamekufa kwa «tumbo la maji»: hao wapimwe wote, wakubwa kwa wadogo.

Akionekana na B, asikate tamaa. Si wote wahitajio dawa. Wengine hutazamwa tu kila baada ya miezi. Wahitajio hupewa kidonge kimoja kila siku, nacho huvituliza virusi na kulilinda ini, ijapokuwa kwa kawaida hakiviondoi kabisa. Virusi C vyaweza kuponywa: vidonge vya wiki nane au kumi na mbili huwaponya watu zaidi ya 95 kati ya 100.

Mama, kadi ya mtoto iko wapi?

Kinga ya virusi B ipo tangu miaka ya 1980, nayo ni chanjo. Katika Kongo yetu watoto huipata ndani ya sindano ile ya pamoja ya wiki 6, 10 na 14. Mama asiseme: «Amekwisha pata moja, yatosha.» Zote tatu zahitajiwa. Tena OMS yashauri chanjo ya kwanza itolewe kabla mtoto hajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa, kwa sababu hatari kubwa ni ya siku ile. Basi mama ajifunguapo, na kabla hajaenda kujifungua, amwulize mkunga au mwuguzi kama chanjo ya siku ya kwanza yapatikana hapo. Mama aliyepimwa na kuonekana na virusi vingi aweza kupewa vidonge katika mimba ili kumlinda mtoto. Wala asiache kunyonyesha.

Kumtunza mgonjwa nyumbani

Mgonjwa wa A au E hana dawa ya kuua virusi vyake. Mwili wenyewe huviua katika wiki chache, mara nyingine katika miezi michache. Kazi yetu ni kuusaidia. Apumzike. Anywe sana. Ale kidogo kidogo mara nyingi: uji, wali, ndizi, maharagwe, samaki, matunda yaliyooshwa. Kumjaza sukari na pipi hakuponyi ini.

Lakini yako mambo yanayoweza kumwua mgonjwa ambaye angalipona. La kwanza ni pombe: kasiksi, lotoko, bia, zote zikae mbali naye, nazo zikae mbali hata miezi baada ya macho kuwa meupe. La pili ni dawa za ovyo. Ini ndilo lipikalo kila dawa tunayoimeza. Ini gonjwa latupiwa dawa kumi kama punda mgonjwa atwikwaye magunia. Hata parasetamoli, dawa ya kila nyumba, huliumiza ikizidi. La tatu ni miti ya kutapisha, na dawa zipitishwazo nyuma kwa bomba ili «kutoa manjano». Manjano hayako matumboni, yamo katika damu. Mgonjwa hupoteza maji na nguvu, na miti mingine ina sumu ya ini yenyewe. Mzee anayejua miti tunamheshimu. Lakini mtoto wa macho ya manjano aonwe kwanza katika kituo cha afya.

Mpelekeni hospitali upesi, hata usiku, mkiona moja la mambo haya: asema maneno yasiyo na maana, au alala mchana kutwa na kukesha usiku, mikono yatetemeka, atokwa damu puani, katika ufizi au kwenye choo, atapika kila anachokunywa, tumbo au miguu yavimba, au ni mama mjamzito. Kwa mjamzito mwenye macho ya manjano hakuna kungoja dalili ya pili.

Na nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa. Choo kifunikwe, tena kiwe mbali na kisima. Mwanafunzi mwenye A akae nyumbani wiki moja tangu macho kugeuka, kisha arudi shuleni wala asichekwe. Karanga na mahindi yaliyoota kuvu yatupwe, wala yasisagwe kwa kuonea huruma franka: kuvu ile ina sumu ambayo, pamoja na virusi B, hulivuta ini upesi kwenye kansa.

Neno la mwisho

Kijana wetu, je? Alipopelekwa, mwuguzi alimpima malaria, hakuiona. Alimtoa damu, akampa siku za kupumzika na kumkataza vidonge vya sokoni. Baada ya mwezi mmoja alikula tena sombe kwa mawese. Ini lina neema hiyo, hujirudisha lenyewe likipewa nafasi. Lakini mdogo wake wa kike naye aliugua, na shangazi aliyekuwa na mimba ya miezi minane, aliyekuja kuwasaidia kufua nguo, ilibidi apelekwe mbio kupimwa. Kwa bahati njema alikuwa salama. Hofu hiyo yote ilitokana na neno moja ambalo mtoto aliona haya kulisema siku ya Alhamisi.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Akina baba na akina mama, wazoezeni watoto kusema pasipo haya: «Baba, mkojo wangu umegeuka.» Si neno chafu. Ni neno la akili. Nanyi wanafunzi msomao ukurasa huu, mkiwasomea wazazi wasiojua kusoma, wasomeeni hili mara mbili. Kisha fanyeni mambo matatu wiki hii: itafuteni kadi ya chanjo ya mdogo wenu na kuhesabu sindano zake, kila mtu wa nyumba apate wembe wake, na mwulizeni mwuguzi ni lini jamaa yenu yaweza kupimwa virusi B.

Mawingu yakionekana, tuanue mihogo. Na kwa ule ugonjwa usio na mawingu, tusingoje mvua: twende tukapimwe jua likiwa bado lawaka.